Nyuki wa Darini na Nyuki wa Ukutani



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, vikubwa na vidogo, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Wasomaji wetu wapenzi, juma hili twataka kuzungumza nanyi juu ya ukuta mmoja, na juu ya jambo lililotufanya tuone haya mbele ya watoto wetu.

Ukuta wenyewe ni wa madrasa iliyo mtaani kwetu, ule upande unaotazama njia. Kwa miaka mingi ulikuwa mweupe kwa chokaa. Baadaye ukawa wa kijivu kwa vumbi na moshi wa magari, na mwisho ukageuka kuwa mahali pa kubandikia matangazo. Wazazi walikubaliana upakwe rangi upya, kisha watoto wenyewe waupambe. Akina mama tukachangishana, kila nyumba kwa kadiri yake, na fedha zikawekwa katika kasha dogo kwa Maalim. Watoto walipoulizwa wapenda pambo gani, wengi wao walijibu kwa neno moja: nyuki. Hilo halikutushangaza, kwani ndiyo kwanza walikuwa wamemaliza kusoma Suratun-Nahl, sura ya 16 katika Qur'ani Tukufu, na Maalim alikuwa amewafafanulia aya ya 68 na ya 69 kwa bidii kubwa.

Basi katika juma hilohilo, kabla hata rangi haijanunuliwa, kundi la nyuki liliingia darini mwa madrasa na kuanza kujenga. Hofu ikatanda. Nyuki wetu wa Afrika si wa kuchezewa. Wakichokozwa hushambulia kwa pamoja, na kila mzazi alimfikiria mwanawe. Ikaamuliwa aitwe kijana mmoja awaondoe; nasi tulikuwepo, wala hatukupinga. Alikuja usiku na mwenge uliochovywa mafuta ya taa. Asubuhi sakafu ilikuwa imejaa mizoga, na mbao mbili za paa zilikuwa zimeshika weusi. Ujira wake ulitolewa katika kasha lilelile la rangi.

Mtoto mmoja wa miaka minane, akifagia pamoja na wenzake, alimwuliza mwalimu wake kwa adabu: "Maalim, hawa tuliowachoma ndio tutakaowachora?"

Maalim alinyamaza. Sisi pia tulinyamaza. Makala haya ni jaribio letu la kumjibu mtoto yule.

Tuanze na lile tulilopaswa kulijua. Nyuki ni miongoni mwa viumbe wachache ambao Mwenyezi Mungu amewapa heshima ya kuita sura nzima kwa jina lao. Katika aya zile mbili tunafahamishwa kwamba Mola alimfunulia nyuki ajenge makazi milimani, mitini na katika yale wanayoyajenga wanadamu. Ale katika matunda. Afuate njia za Mola wake. Na kwamba katika kinywaji kinachotoka tumboni mwake mna ponyo kwa watu. Wanaoijua lugha ya Kiarabu wanatukumbusha jambo ambalo akina mama tunalipenda: amri hizo zimesemwa kwa tamko la kike. Na mfugaji yeyote wa nyuki atakwambia kwamba nyuki vibarua, wanaojenga, wanaolea, wanaolinda na wanaotafuta chakula, wote ni majike.

Tena, katika Sunan ya Abu Dawud imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza kuuawa kwa viumbe wanne: chungu, nyuki, hudihudi na ndege aitwaye kwa Kiarabu surad. Na yamepokewa pia makatazo ya kukiadhibu kiumbe kwa moto, kwa kuwa adhabu hiyo ni ya Mola wa moto peke yake. Hatusemi kwamba mtoto aachwe aumwe hadi afe. Kuilinda nafsi ni wajibu, na wanazuoni wamelieleza hilo. Lakini nyuki wale walikuwa hawajamdhuru mtu, na ilikuwako njia nyingine. Hatukuitafuta. Tulikuwa na haraka, na mafuta ya taa yalikuwa karibu.

Kabla ya kuurudia ukuta wetu, tumeona vema tuwaangalie wenzetu wa mbali walivyomchora nyuki mbele za watu, ili tujue la kuiga na la kuacha.

Mji wa Manchester nchini Uingereza umemfanya nyuki kibarua kuwa alama yake. Mwaka 1842, wakati viwanda vya pamba vilipokuwa vikivuma mchana na usiku, mji ule ulipewa ngao rasmi, na juu ya ngao hiyo pakawekwa nyuki saba juu ya tufe la dunia, ishara ya watu wasiochoka kufanya kazi. Nyuki hao wametandazwa hata katika sakafu ya jumba la mji. Tarehe 22 Mei 2017 bomu lililipuliwa mjini humo mwishoni mwa tamasha la muziki na kuua watu 22, watoto wakiwa miongoni mwao. Katika majonzi yale, watu wa mji walimkimbilia nyuki. Walimchora kutani, wakamtundika madirishani, wakamvaa vifuani. Mwaka uliofuata, nyuki wakubwa wa kuchongwa zaidi ya 100 walipangwa mitaani; wasanii waliwapaka rangi, na watoto wa shule wakawapamba wadogo wao. Mwisho wakapigwa mnada, na fedha zikaenda katika mfuko wa hisani.

Hayo ni mazuri, na hatuwezi kuyadharau. Watu waliotengwa na huzuni walipata kitu cha kukusanyikia. Hata hivyo, tukiangalia kwa makini twaona kwamba nyuki yule wa Manchester ni picha ya mwanadamu. Anasimamia jasho la wafanyakazi, kisha anasimamia subira ya waliofiwa. Nyuki mwenyewe, yule mwenye mabawa, ameazimwa jina lake na sura yake tu.

Sasa twende Slovenia, nchi ndogo ya Ulaya ya Kati yenye watu wapatao milioni mbili. Huko, tangu karne ya 18, wakulima walifuga nyuki katika mizinga ya mbao iliyofanana na masanduku marefu, ikapangwa juu kwa juu na ubavu kwa ubavu kama saraka za kabati. Upande wa mbele wa kila mzinga ulikuwa na kibao chembamba, urefu wake shubiri moja na kitu. Wanakijiji wakaanza kuvichora vibao hivyo. Wachoraji wengi hawakusomea sanaa. Walichanganya rangi za udongo na mafuta ya kitani, wakachora waliyoyajua. Kibao cha kale zaidi kilichohifadhiwa kina tarehe ya 1758. Mada zake zahesabiwa kwa mamia: visa vya dini yao ya Kikristo, kazi za shamba, ndoa na ugomvi wa nyumbani, na mizaha. Kimoja kinachojulikana sana chaonyesha wanyama wa porini wakimbeba mwindaji aliyekufa kwenda kumzika. Kingine chaonyesha shetani akiunoa ulimi wa mwanamke kwenye jiwe la kunolea. Hapo, wasomaji wetu, tungependa kujua mke wa mchoraji alisema nini alipokiona.

Vibao vile vilikuwa sanaa ya wote, iliyotazamwa na kila apitaye njiani. Lakini vilikuwa na kazi ya pili. Mizinga ilipokuwa imepangana ikifanana, picha ilimsaidia mwenye nyuki kuutambua kila mmoja, na wafugaji waliamini kwamba ilimsaidia hata nyuki anayerudi na mzigo wake kuijua nyumba yake. Imani hiyo haikuwa ya upuuzi. Karl von Frisch, mtaalamu aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1973, alithibitisha kwa majaribio ya vikaratasi vya rangi kwamba nyuki huona rangi. Aliona kwamba nyuki huijua buluu na manjano, ilhali nyekundu kwake ni kama giza. Wafugaji wa leo hupaka mizinga iliyosongamana rangi mbalimbali kwa sababu hiyohiyo.

Katika nchi hiyo alizaliwa, mwaka 1734, mtu aitwaye Anton Janša. Alikwenda Vienna kujifunza sanaa ya uchoraji. Lakini kwao walikuwa wafugaji wa nyuki, na elimu hiyo ndiyo iliyomtoa. Mwaka 1770 Malkia Maria Theresa alimteua awe mwalimu wa ufugaji wa nyuki. Ni kwa kumkumbuka yeye kwamba Umoja wa Mataifa, mwishoni mwa mwaka 2017, uliitangaza tarehe 20 Mei kuwa Siku ya Nyuki Duniani, ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2018. Mchoraji aliyeacha brashi akashika mzinga ndiye aliyempatia nyuki siku yake ulimwenguni.

Hapa ndipo tunapolipata jibu la mtoto wetu. Ziko picha zinazomchukua nyuki kuwa alama, na ziko zinazomhudumia. Kibao cha Slovenia kilipendeza macho ya mpita njia, na nyuma yake kulikuwa na nyuki wazima waliotunzwa. Sisi tulikuwa tumepanga kuwa na nyuki ukutani na majivu darini.

Tulikaa kikao cha pili, akina mama na Maalim, na hapo likazuka suala ambalo kila nyumba ya Kiislamu inalijua: je, yafaa kuchora kiumbe chenye roho kwenye ukuta wa madrasa? Wanazuoni wana kauli zao. Wengi wa madhehebu yetu ya Kishafii wanaikataza picha ya chenye roho, na wengine wana ufafanuzi wao, hasa katika mafundisho ya watoto. Wengi wa waliohudhuria hawakuona raha. Maalim akakumbusha kwamba imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kuwa Ibn Abbas alimshauri mtu aliyeishi kwa kazi ya kuchora achore miti na visivyo na roho. Baadhi ya vijana wakanung'unika kwamba bila nyuki hakuna pambo. Zogo likaanza kupanda.

Ndipo akasema bibi mmoja, mshonaji kofia za mkono, ambaye tangu kikao kianze hakuwa ameinua macho kutoka katika sindano yake: "Wajukuu zangu, mwahangaika na nini? Choreni nyumba yake na chakula chake. Mwenyewe akiona pema atakuja."

Rai hiyo ilipita bila kura. Na tulipoifikiria tukaona kwamba bibi hakuleta jambo geni. Pwani yetu ni hodari wa sanaa isiyo na sura ya kiumbe. Milango ya Lamu imechongwa maua na mizabibu. Kuta za nyumba za kale zina zidaka, safu juu ya safu, kama vyumba vya sega. Mikeka, kofia na leso vyote vimejaa nakshi. Kilichotakiwa ni kuyakusanya tuliyonayo.

Basi watoto walichora sega kubwa, vyumba vya pembe sita vikishikana bila kuacha pengo. Kila mtoto alipewa chumba kimoja akipambe apendavyo, na katika kila chumba akachora ua, tunda au mboga ambayo isingefika jikoni kwao bila ya mchavushaji. Neno hilo walifundishwa na Maalim: chavua ni ule unga wa maua, na mchavushaji ni kiumbe anayeubeba kutoka ua hadi ua ili tunda lishike. Rangi zilizotawala ni buluu na manjano, kwa ajili ya yule mgeni asiyeiona nyekundu.

Kuchagua cha kuchora kuliwafundisha watoto kuliko tulivyotazamia. Waliambiwa wafikirie sinia ya futari. Boga lina maua ya kiume na ya kike mbalimbali, nayo hufunguka asubuhi. Nyuki asipopita, kiboga husinyaa na kudondoka kingali kichanga. Tikiti maji ni vivyo hivyo. Embe hutegemea nzi pamoja na nyuki, na mtoto aliyechora embe alicheka sana kusikia kwamba nzi naye ana shukrani zake. Mbuyu, ambao mbegu zake watoto hula zikiwa zimetiwa sukari na rangi, hufungua maua yake usiku, na popo ndiye mgeni wake. Vipepeo nao hawakusahauliwa, kwani Maalim aliwasimulia habari za Mradi wa Kipepeo ulioanzishwa Gede mwaka 1993, ambapo familia zinazoishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga vipepeo na kuuza mabundo yao, na kwa sababu hiyo msitu ukapata walinzi miongoni mwa majirani zake.

Mtoto mmoja alitaka kuchora tende, kwa kuwa ndiyo ifunguayo futari. Tukamwambia kwamba mtende una dume lake na jike lake, miti miwili mbalimbali, na kwamba tangu zama za kale, kama ilivyokuwa Madina wakati wa Mtume (S.A.W.), wakulima hupanda juu na kuubeba unga wa dume kwa mikono yao hadi kwa jike. Akatazama kitanga chake, akasema kwamba basi kazi ya nyuki ni nyingi. Tende ikachorwa, nayo ikawekwa katikati ya sega.

Chini ya ukuta, katika ndoo na makopo yaliyopasuka, akina mama tulipanda mirehani. Mrehani hauna gharama. Kila nyumba ina kichaka chake, na hakuna asiyeweza kutoa tawi. Kwa kawaida twaukatakata maua yake ili majani yazidi kunukia. Safari hii tulikubaliana tuache machipukizi mengine yachanue. Kando yake tumeweka kisahani cha maji chenye vijiwe, ili wanaokunywa wapate pa kusimama wasizame.

Na dari? Matundu yote yamezibwa kwa saruji, maana kinga ni bora kuliko moto. Fedha chache zilizobaki katika kasha zimetengwa kuwa ujira wa mfugaji wa nyuki, na nambari yake ya simu imeandikwa ndani ya mlango wa madrasa. Amekwisha kutufundisha mambo ambayo tunawapa nanyi. Kundi la nyuki likitua mahali, waondoeni watoto na mifugo, msirushe mawe, msipige kelele wala kufukiza ovyo. Mara nyingi kundi linalosafiri hupumzika saa chache au siku chache kisha huondoka. Likianza kujenga, mwiteni mwenye ujuzi na mavazi ya kazi alihamishe. Mkiwa na bustani, msinyunyize dawa ya wadudu asubuhi wakati maua yamefunguka. Na ikibidi kunyunyiza, ngojeni jioni nyuki warudipo.

Hayo si makubwa, wala hatudai kwamba ukuta mmoja utaubadilisha mji. Lakini tunakumbuka hadithi inayojulikana sana, kwamba Muislamu apandaye mmea, kila kitakacholiwa kwao na mtu, mnyama au ndege huandikiwa sadaka. Tunataraji kwa Mola kwamba unga wa maua ya mrehani nao una hesabu yake.

Miezi miwili imepita. Mirehani imechanua. Juma lililopita tulipita pale baada ya sala ya Alasiri, tukamkuta mtoto yule aliyeuliza swali amechuchumaa mbele ya ukuta, kidole kimoja hewani, akihesabu kimyakimya. Alifika saba. Nyuki walikuwa wakitoka ua hadi ua chini ya sega la rangi, na kwa aliyesimama mbali ilionekana kana kwamba picha imekamilika. Hatukumwuliza kama amesamehe. Tulisimama kando yake tukahesabu naye.

Twawaomba wasomaji wetu wapenzi, kabla ya toleo lijalo, kila nyumba iache tawi moja la mrehani lichanue.